Mkono Uliotikisa Kinywaji

Sura ya Sita

"Tengeneza kama ulivyotengeneza siku ile," Inspekta alisema. "Usiongeze, usipunguze."

Koplo alimfungua baameni pingu. Baameni alikuwa mtu mzima, mvi za kwanza zimeshamwanza kandokando ya masikio. Alijisugua vifundo vya mikono, akazunguka kaunta na kusimama pale alipozoea kusimama. Baa ilikuwa imefungwa tangu juzi. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, na jua la asubuhi lilipenya kati ya mapazia na kuangukia safu ya chupa ukutani.

Inspekta alikaa kwenye kiti kirefu mbele yake. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza mpaka mtu mwenyewe auonee haya ule ukimya.

Kwa maandishi, kesi ilikuwa imeshakwisha. Mwenye hoteli hii ndogo, mjane ambaye kila mtu alimwita Mama Mkubwa, alikunywa wiski saua mchana akiwa sebule ya nyuma, koo likavimba, pumzi ikakatika. Mama Mkubwa hali yai. Yai likimgusa ulimi tu, mwili wake unapigana nalo kama sumu. Maabara walikuta kwenye glasi wiski, limau, sukari na ute wa yai, basi. Baameni alikiri hata kabla hajaulizwa: nilitengeneza mimi, nilisahau. Tangu hapo Mama Mkubwa alikuwa hospitali, amewekewa mpira wa hewa, na jana usiku daktari alikuwa bado hajathubutu kuahidi lolote.

"Kusahau!" alifoka mdogo wake Mama Mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa uwakili na kila mtu alimwita hivyo, Wakili. Alikuwa akizunguka kati ya meza kama mtu aliyepoteza funguo. "Miaka yote huyu anamwekea dada yangu maji ya dengu, yanayotoa povu vilevile, badala ya yai. Wiki iliyopita dada anatangaza kwamba atamfanya mbia wake. Wiki hii anasahau? Afande, hili ni jaribio la kuua, na mimi sitakubali liitwe jina jingine."

"Kaa chini, Wakili. Unanitia kizunguzungu."

Wakili akateremsha kiti kimoja, akakaa. Alimkazia macho baameni kwa hasira, lakini Inspekta aliona kwamba macho yenyewe yalikuwa mekundu. Mtu huyu hakuwa amelala.

"Haya," Inspekta alimwambia baameni. "Anza."

Baameni alikata limau, akalikamua, akachuja maji yake yasiingie mbegu. Akashusha chupa ya wiski ya rai, nafaka inayofanana na ngano. "Nyingine ni tamu," alisema bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kaunta. "Hii ina ukali kidogo, kama pilipili manga. Limau haliwezi kuimeza." Akapima wiski ndani ya kopo la kutikisia, akaongeza maji ya limau, akaongeza shira ya sukari. Kisha akachukua yai, akaligonga ukingoni mwa kopo kwa mkono mmoja tu. Ute ukateremka, kiini kikabaki ndani ya nusu ya ganda. Hakuna hata chembe ya ganda iliyoanguka.

Akafunga kopo na kuanza kutikisa.

"Hujatia barafu," Inspekta alisema.

"Bado. Mara ya kwanza unatikisa kavu. Ute unataka kupigwa kwanza ukiwa haujapoa, ndiyo unashika hewa. Ukitanguliza barafu, unalala."

Alitikisa kwa nguvu, kopo likiwa juu ya bega, mpaka jasho likamtoka usoni. Akafungua, akatia barafu, akafunga, akatikisa tena mpaka bati likafanya ukungu. Akachuja ndani ya glasi. Kinywaji kilishuka kikiwa kimevurugika chote, kisha polepole kikajitenga: chini rangi ya asali, juu povu jeupe, zito, limelala sawasawa kama shuka lililopigwa pasi. Alidondosha juu yake matone machache ya dawa chungu ya kukoleza ladha kutoka kwenye kichupa, na kila tone likabaki palepale lilipoangukia.

Koplo alimeza mate. Inspekta alimtazama, naye akajifanya anakohoa.

Inspekta akatoa simu yake na kuiweka kando ya glasi. Ilikuwa picha ambayo koplo aliipiga siku ya tukio, saa ileile walipofika: glasi ya Mama Mkubwa, imenywewa kidogo, juu ya meza ya sebuleni. Povu la kwenye picha lilikuwa la mapovu makubwamakubwa kama ya maji ya kufulia, na nusu yake lilikuwa limeshapasuka. Uzi wa ute mbichi ulining'inia ukingoni. Chini kulikuwa na mbegu mbili za limau.

"Hizi ni kazi za mkono mmoja?" aliuliza.

Baameni alitazama picha, akatazama glasi aliyoitengeneza. Uso wake ulibadilika, na Inspekta akajua kwamba alikuwa amekusudia kuharibu, ila mkono haukumtii. Mkono uliozoea kazi haujui kusema uongo.

"Siku ile nilikuwa na haraka," alisema.

"Baa ilikuwa haijafunguliwa. Haraka ya kwenda wapi?"

Baameni akachukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta ambayo tayari ilikuwa safi.

"Na kopo ulilisafisha, glasi ukaiacha. Kwa nini?"

"Sikuiona."

"Hukuiona kwa sababu hukuitengeneza. Ulikuta kopo chafu hapa kaunta, ukaelewa, ukalisafisha. Baada ya kumdunga Mama sindano yake ya mzio. Mpishi amesema uliruka meza kuifuata droo ya sindano. Daktari amesema ile sindano ndiyo iliyomwacha hai."

"Alijuta!" Wakili alidakia, lakini sauti yake haikuwa na uhakika wa mwanzo.

"Unamlinda nani?" Inspekta aliuliza.

Baameni aliichukua ile glasi aliyoitengeneza, akaimwaga kwenye sinki, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya koplo.

"Nirudishe ndani, afande. Nilitengeneza mimi."

*

Mpishi alimpokea Inspekta jikoni huku akiendelea kukanda unga. Wakili alikuwa amemnong'oneza Inspekta kwamba mpishi naye aangaliwe, kwa kuwa mwezi uliopita aligombana na Mama Mkubwa wakasikika mpaka barabarani.

"Tuligombana, ndiyo," mpishi alisema. "Alitaka kunipa likizo kwa nguvu. Mimi nikamwambia likizo nitaipeleka wapi, nyumbani kuna mume tu." Akacheka, kisha akafuta jicho kwa kiwiko. "Afande, atapona?"

"Tunaomba. Niambie kuhusu mayai. Siku ile kuna aliyechukua?"

"Nani kakwambia?" Mpishi aliacha kukanda. "Nilikuwa nimekodolea macho oveni, keki zilikuwa zinataka kuungua. Nilipogeuka, trei imepungua. Kwenye sinki maganda yamesagika, ute umemwagika hadi kwenye bomba, utadhani kuku mwenyewe amepigana humu. Nikasema leo baameni kalewa nini? Yeye hupasua yai kama anafungua kitasa."

"Na viini?"

"Hilo ndilo lililonichekesha. Viini vyote vimewekwa kwenye kikombe, vimefunikwa na kisosi, kikombe kimewekwa karibu yangu nikione. Baameni hajawahi kunifunikia kitu. Anavitupa tu humu bakulini mwangu akiwa anapita." Alifikiri kidogo. "Yule alikuwa mtu asiyependa kitu kipotee bure. Na aliyeona haya kuniomba."

"Mchana huwa nani anakuja hapa, kabla wageni hawajaanza?"

"Nani aje? Ni Fundi Saa tu, baba yake baameni. Tangu aache kazi anakuja kumjulia Mama hali." Mpishi aliinamia unga wake, lakini tabasamu lilimshinda. "Kumjulia hali, ndivyo wanavyosema wenyewe. Wanakaa sebule ya nyuma kama watoto wa shule, huyu akimtupia mwenzake jicho, mwenzake anatazama dirisha. Sisi tunajifanya vipofu."

Inspekta alishukuru, akatoka. Mlangoni akasimama.

"Aliacha kazi kwa nini?"

"Mikono, afande. Inamtetemeka. Na fundi wa saa bila mikono, ni nani?"

*

Hospitali ilimpigia simu akiwa bado njiani. Mama Mkubwa ameamka.

Alimkuta amekaa kitandani, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, uso bado umejaa, sauti imekwaruza. Nesi aliwapa muda mfupi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfunga mtoto wangu wa baa?"

"Amejifunga mwenyewe. Anasema alitengeneza yeye."

Mama Mkubwa alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameshaamua. "Mjinga yule. Andika basi: nilitengeneza mimi mwenyewe. Nilishikwa na hamu ya kuonja ile yenyewe, ya yai. Uzee una mambo yake."

Inspekta akavuta kiti. "Vizuri. Ulianza na nini?"

"Kuanza na nini kivipi?"

"Ulipotengeneza."

"Barafu," Mama Mkubwa alisema kwa uhodari. "Unajaza barafu kwenye lile kopo, unatia vitu vyako vyote, unatikisa."

"Na wiski, ulitumia ipi?"

"Ile ya... ya chupa ya kahawia."

"Mama, chupa zote ni za kahawia."

Walitazamana. Mama Mkubwa ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Inspekta akamsaidia kunywa maji.

"Miaka yote nina baa," alisema alipotulia, "sijawahi hata kukamua limau. Mwanangu, mimi ndiye niliyedhurika. Nikishtaki, kuna kesi. Nisiposhtaki?"

"Kuna mtu ndani anayesema alikuwekea yai. Mdogo wako anasema ni kusudi. Mimi siwezi kufunga jalada kwa kicheko. Fundi Saa hakujua kwamba huli yai, siyo?"

Mama Mkubwa hakushtuka. Alitazama dirisha, vilevile alivyosema mpishi.

"Sikumwambia," alisema polepole. "Kila mtu anamsimulia maradhi yake, na yeye ana yake. Nilitaka awe na mtu mmoja ambaye hana tatizo lolote. Siku ile ananiita sebuleni, glasi anaishika kwa mikono miwili, imemwagika njia nzima. Amefurahi, afande, sijamwona vile tangu afunge duka. Nikadhani mwanawe kamfundisha, kwa hiyo ni maji ya dengu. Nikanywa."

"Ukajua lini?"

"Funda la kwanza. La pili nilikunywa kwa sababu alikuwa ananitazama."

"Mama!"

"Najua, najua. Usinigombeze, nimegombezwa na daktari." Alishika ukingo wa shuka. "Koo lilipoanza kubana nikamwambia wiski ni nzuri ila limau limezidiwa na sukari, akanitafutie jingine sokoni. Nilitaka atoke asione. Alipotoka nikapiga kengele. Mwanawe akaja, akanidunga sindano, kisha akakuta kopo kaunta. Hakuhitaji kuambiwa ni nani." Akamkazia Inspekta macho. "Manesi wananiambia yule mzee anadhani ni moyo wangu. Tukimwambia ni mkono wake, hatashika tena hata kijiko. Ndiyo maana nakuomba. Andika ni mimi."

*

Fundi Saa alikuwa kwenye benchi la korido, karibu kabisa na mlango, kofia magotini, mikono kaibana makwapani. Manesi walisema tangu siku ya kwanza alikuwa anakuja alfajiri na kuondoka wakimfukuza.

Inspekta aliketi kando yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli ameamka?"

"Ameamka. Anaongea, na anabisha."

Mzee alishusha pumzi ndefu, akatikisa kichwa mara nyingi. "Kama anabisha, amepona. Na kijana wangu? Wameniambia anawasaidia."

"Anatusaidia kwa njia yake." Inspekta alitazama mlango wa chumba. Katika chumba kile kulikuwa na mwanamke aliyetaka kudanganya, na kituoni kulikuwa na mwanamume aliyekuwa tayari kufungwa kwa uongo wake. Mtu pekee ambaye hajaombwa ukweli alikuwa huyu hapa, na alikuwa hana la kuficha. "Mzee, unajua kutengeneza wiski saua?"

Uso wa mzee ukafunguka.

"Nimejifunza! Nani kakwambia? Nilikuwa nakaa pale pembeni mwa kaunta, namtazama mwanangu akiwatengenezea wageni. Wiski, limau, shira, ute wa yai. Nyumbani nilifanya mazoezi na chupa ya chai, natikisa maji. Sikumwambia, angenizuia, angesema baba utajikata." Akachomoa mkono mmoja, ukatetemeka mbele yao, akautazama kama mtu anayemtazama jamaa mkorofi. "Nikasema, huu mkono hauwezi tena kushika skrubu ya saa. Lakini kazi ya baa ni kutetemeka tu, au siyo? Nikasema hapa nimepata kazi inayoutaka."

Inspekta alicheka. Hakuweza kujizuia.

"Na kwa nini siku ile, mzee?"

Fundi Saa alichezea kofia. "Nilikuwa na jambo la kumwuliza. Umri wangu huu, mtu haendi mikono mitupu."

Inspekta alikuwa ameshaamua kumwambia ukweli, lakini bado ilimwia vigumu. Alisubiri nesi apite na kigari cha dawa, kisha akamwambia taratibu, bila kuficha wala kupamba: kwamba Mama Mkubwa hali yai, kwamba hakupenda mtu ajue, kwamba kilichomleta hapa si moyo. Kwamba mwanawe alilielewa hilo mara moja, akamdunga sindano, akasafisha kopo na kujitia pingu. Kwamba na Mama mwenyewe, sasa hivi, ametaka kubeba lawama.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kofia ilikuwa imeanguka. Inspekta aliiokota, akaipangusa, akamrudishia.

"Kwa hiyo ni mimi," Fundi Saa alisema.

"Ni wewe. Na haikuwa kosa la mtu."

"Mwanangu amelala ndani?"

"Amelala ndani."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako, mzee."

Inspekta alidhani atalia. Badala yake mzee alisimama, akaivaa kofia, akakumbuka yuko ndani, akaivua. "Hawa watu wawili," alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo, "wananiona mimi yai, eti nitavunjika. Niliishi miaka mingapi kabla yao?" Akasukuma mlango.

Inspekta alimfuata. Alihitaji maelezo, na alipaswa kuyasikia kwa masikio yake.

Fundi Saa alisimama miguuni mwa kitanda. Mikono hakuificha.

"Nimeambiwa," alisema.

Mama Mkubwa alimgeukia Inspekta kwa jicho kali, kisha akaliachia. "Nimekunywa mwenyewe," alisema. "Hukunitia mdomoni."

"Kwa nini hukuniambia kwamba huli yai?"

"Kwa nini hukuniambia unajifunza kutengeneza?"

"Nilitaka kukushtua."

"Umenishtua."

Mzee alivuta kiti, akakaa karibu naye. Alinyoosha mkono, akasita, mkono ukitetemeka juu ya shuka. Mama Mkubwa aliuchukua na kuulaza tumboni mwake, akaufunika na wake. Haukuacha kutetemeka, wala hakuna aliyeonekana kuujali.

"Haya, niambie," Mama Mkubwa alisema. "Nini huli? Nini kinakuumiza? Tusemane yote leo, afande akiwa shahidi, tusije tukauana."

"Pweza," alisema Fundi Saa. "Ananiwasha mwili."

"Pweza. Sawa. Na nini kingine?"

"Na mimi nilikuwa na swali. Lakini sasa sijui kama mtu aliyekaribia kukuua ana haki ya kuuliza."

"Uliza, nikuone."

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Wakili aliingia na faili kwapani, koti halijafungwa vifungo. Alipomwona dada yake amekaa, alisahau alilokuja nalo. Faili likateleza, karatasi za mashtaka zikasambaa sakafuni, naye akazikanyaga kwenda kumkumbatia, akilia waziwazi kama mtoto aliyetolewa shuleni.

"Nimekuja kukwambia," alisema alipopata sauti, "nimemshtaki baameni, nimeandika yote, hatatoka mpaka..."

"Umeandika vibaya. Kaa."

"Dada, sheria..."

"Nimesema kaa. Mzee ana swali, na wewe umemkatiza." Akamgeukia Fundi Saa. "Endelea."

Fundi Saa alimtazama Wakili, akamtazama Inspekta, akasafisha koo. "Basi mbele ya ndugu yako na mbele ya serikali. Mimi sina duka tena. Nina chumba kimoja, kijana mmoja na huu mkono. Nilitaka kukuomba tuoane."

Wakili akafungua mdomo. Mama Mkubwa akainua kidole, mdomo ukajifunga.

"Nimekubali," alisema. "Siku nyingi nimekubali, wewe ndiye ulikuwa unazunguka. Ila baa hutaingia."

"Baa sitaingia."

"Na wewe," alimwambia mdogo wake, "ziokote hizo karatasi. Nyuma ziko tupu, tuandike wageni."

Inspekta alitoka taratibu na kuuvuta mlango. Ndani walikuwa wameshaanza kubishana: Wakili alitaka wasubiri ruhusa ya daktari, dada yake alitaka Jumamosi. Alisimama koridoni, akatoa simu, akampigia koplo kituoni.

"Mtoe baameni. Mlete hapa hospitali sasa hivi, na pingu ziache hukohuko."

Koplo alisita. "Nimwandike kwa kosa gani, afande?"

"Usimwandike. Mwambie anawe uso, baba yake anaoa."